Hotuba juu ya Ubwiri wa Mboga na Njia za Kuuzuia
(Iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka, Majoreni)



Tulipoombwa na Halmashauri tuseme maneno machache juu ya bustani za chama, tulidhani kwamba tutasoma hesabu ya mazao kisha tuketi. Hesabu hiyo mtaiona mahali pake katika kitabu hiki. Lakini hesabu haielezi kwa nini maboga na matango yalikuwa haba msimu uliopita, wala haielezi maneno yaliyozuka baina yetu kwa sababu ya uhaba huo. Kwa hiyo twaomba ruhusa yenu tuyaeleze yote mawili, ugonjwa na fitina, kwa kuwa yalikuja pamoja, na yafaa yaondoke pamoja.

Wengi wenu mwakumbuka yaliyotokea. Mvua za masika zilikuwa zimepungua, kusi lavuma, na bustani zilizo karibu na kisima zilikuwa zimestawi hata majani yakaziba njia za kupitia. Asubuhi moja mwanachama mwenzetu, bibi mjane, alikuta majani ya maboga yake yametapakaa madoa meupe, mfano wa unga wa muhogo uliopepetwa juu yake. Alipopitisha kidole, unga ulitoka. Baada ya siku chache ulirudi, tena mwingi zaidi. Hakuna aliyeuliza, "Ugonjwa huu ni gani?" Swali lililoulizwa kisimani lilikuwa, "Nani amemwaga unga huu?"

Bibi huyo alikuwa na mzozo mdogo na mzee jirani yake juu ya mpaka wa mfereji. Basi kabla ya jua kutua jina la mzee lilikuwa vinywani mwa watu. Wengine wakasema ni husuda, wengine wakasema makubwa kuliko husuda. Mzee akawa haji kuteka maji mpaka wenzake wamekwisha kuondoka. Nasi tuliokabidhiwa kazi ya bustani tulisikia yote hayo, tukanyamaza, tukisema hayatuhusu.

Wazee wetu, hapana haja ya kuwakumbusha ninyi maneno ya namna hiyo huishia wapi. Katika kaunti zetu hizi za pwani, Kwale na Kilifi, wako wazee waliofukuzwa majumbani mwao, na wako waliouawa, kwa tuhuma za uchawi ambazo hazikuthibitishwa na mtu yeyote. Mara nyingi chanzo huwa ni kitu kidogo: mtoto ameugua, ng'ombe amekufa, shamba limekauka. Kwetu sisi chanzo kilikuwa majani ya maboga.

Aliyetutoa katika ujinga huo alikuwa mmoja wa wazee waliopo hapa leo, naye ametuomba tusimtaje. Alisema, "Kama unga unamwagwa na mtu, na tumzuie mtu, kisha tuone kama unga utazuilika." Tukaenda siku ya pili pamoja na bibi mwenye shamba. Tulichagua majani matatu yenye madoa, tukayafuta kwa kitambaa cha maji mpaka yakawa safi, tukayafunga uzi mwekundu kwenye vikonyo. Lango la ua likafungwa, ufunguo ukawekwa na wazee wawili, na kwa siku saba hakuingia mtu ila mwenye shamba, akimwagilia maji mbele ya macho yao. Siku ya saba tukafungua. Majani yote matatu yalikuwa meupe. Na majani mengine ya jirani, ambayo tuliyaona safi siku ya kwanza, nayo yalikuwa yameanza madoa.

Wiki hiyo hiyo mzee aliyesingiziwa alituita tukatazame maboga yake mwenyewe. Nayo yalikuwa meupe. Alituuliza neno moja tu: "Je, na mimi nimejimwagia?" Hatukuwa na jibu.

Bwana shamba alipotuzuru alitufundisha yafuatayo, na mengine tumeyasoma wenyewe baadaye. Ugonjwa ule waitwa ubwiri, nao uko wa namna mbili. Ni lazima kila mkulima azijue zote mbili mbalimbali, kwa sababu hali inayoulea huu si ile inayoulea ule, na dawa ya mmoja yaweza isimfae mwingine.

Wa kwanza ni ubwiri unga. Huu ni kuvu, yaani ni jamii moja na ukungu uotao juu ya mkate uliolala. Hukaa juu ya jani, upande wa juu na wa chini, na kutia vijizizi vidogo ndani ya ngozi ya jani ili kunyonya. Ule unga tuuonao ni viini vyake vyenyewe, maelfu kwa maelfu, na kila kimoja chaweza kuanzisha doa jipya kikitua juu ya jani linalokifaa. Hali ikiwa njema kwake, doa jipya huonekana baada ya siku tatu hata saba. Upepo ndio mchukuzi wake. Kwa hiyo unga ule haukumwagwa na mkono wa mtu: uliletwa na kusi, na ungeletwa hata kama jirani zetu wote wangekuwa malaika.

Jambo la ajabu katika ubwiri unga ni kwamba hauhitaji jani liwe na maji ili uote. Wapenda hewa yenye unyevu wakati wa usiku, mchana mkavu, kivuli, na mimea iliyosongamana. Mvua kubwa huuosha na kuudhoofisha. Ndiyo sababu haukutusumbua katikati ya masika, ukaja mvua zilipokwisha kupungua na majani yamefungamana. Hushika maboga, matango, mamumunya, matikiti, na pia bamia na kunde. Lakini kila jamii ya mimea kwa kawaida ina ubwiri wake.

Wa pili ni ubwiri vinyoya. Huu, ingawa watu huuhesabu pamoja na kuvu, wataalamu wasema si kuvu halisi; nasaba yake iko karibu zaidi na miani ya kahawia ya baharini. Basi si ajabu kwamba wapenda maji. Hauwezi kuota ila jani likae na umande au mvua kwa saa kadhaa. Juu ya jani la tango huonekana madoa ya manjano yenye pembe, yamezuiwa na mishipa ya jani kana kwamba yamechorwa kwa rula. Ukigeuza jani asubuhi mapema, chini yake utaona vinyoya vya kijivu au vya zambarau. Baadaye jani hukauka na kujikunja. Huu hutujia wakati wa mvua, na mwendo wake ni wa haraka: shamba la matango laweza kuteketea kwa muda usiozidi wiki mbili.

Alama ya kukumbuka ni hii: unga mweupe juu ya jani wakati wa ukavu ni ubwiri unga, madoa ya manjano yenye pembe, na vinyoya chini ya jani wakati wa mvua, ni ubwiri vinyoya. Mwenye shaka na ageuze jani kabla ya kufungua mfuko wa fedha.

Twasema hivyo kwa sababu tulipata hasara. Kijana mmoja miongoni mwetu, kwa nia njema, alinunua dawa dukani kwa fedha za kikundi, akapulizia vipande vinne. Haikufaa kitu. Tulipompa bwana shamba chupa aisome, alituambia ni dawa ya kuua wadudu, na kuvu si mdudu. Tena ilikuwa imeandikwa kwamba mboga zisichumwe mpaka siku kadhaa zipite, na bamia zilikuwa zimekwisha kuchumwa, ziko kapuni zikingoja kupelekwa Ukunda. Tulizifukia zote. Wako waliolalamika, nasi twajua uchungu wa mama aliyetegemea kapu lile kwa karo. Lakini chama kilichoundwa kwa ajili ya kusaidiana hakiwezi kuuza sumu kwa watoto wa wengine.

Sasa tuje kwenye kinga, ambayo ndiyo nusu kubwa ya kazi, tena haigharimu ila jasho.

Kwanza, nafasi. Tumezoea kupanda karibu karibu tukidhani wingi wa miche ni wingi wa mavuno. Matango yapewe mita moja au zaidi baina ya mistari, na sentimita 30 hadi 60 baina ya shina na shina. Bamia zipewe sentimita 60 hadi 75 baina ya mistari, na sentimita 30 hadi 45 baina ya mashina. Matango yakipandishwa juu ya fito, hupata upepo na jua, na majani hukauka upesi.

Pili, jua. Vipande vilivyo chini ya miembe vilishikwa kwanza na vilipona mwisho. Chini ya miti tupande vitu vingine.

Tatu, maji. Tumwagilie asubuhi, tena shinani, si juu ya majani. Maji ya jioni juu ya majani hulala usiku kucha, na huo ndio ubwiri vinyoya kukaribishwa kwa chakula cha jioni.

Nne, mbolea. Samadi iliyooza vizuri yatosha. Mbolea ya chumvichumvi ikizidi huleta majani mengi mororo, na majani mororo ndiyo kuvu hupenda.

Tano, mbegu. Tunaponunua mbegu za matango na matikiti, tuulize aina zinazostahimili ubwiri. Ziko, na huandikwa juu ya pakiti. Shauri zaidi laweza kupatikana kwa maafisa wa kilimo wa kaunti na kituo cha utafiti wa kilimo kilichoko Mtwapa.

Sita, na hili ndilo kubwa, usafi wa pamoja. Kuvu hii yaishi juu ya mmea ulio hai. Mashina ya zamani ya maboga yaliyoachwa yatambae ukingoni baada ya mavuno, na maboga yaliyojiotea jaani, ndiyo nyumba yake ya kungojea msimu ujao. Mtu mmoja akisafisha kipande chake na jirani yake asisafishe, kazi ya yule wa kwanza ni bure. Ua wa makuti huzuia mbuzi, hauzuii upepo. Majani yaliyoshikwa yakatwe mapema, yatiwe mfukoni palepale, yafukiwe au yachomwe. Yasiburutwe njiani huku yakipukutisha unga kwa kila mtu.

Ama matibabu, na tuseme kweli: jani lililokwisha kushikwa sana haliponi. Dawa hulinda majani yaliyobaki na yale yatakayochipua. Kwa hiyo jicho la mkulima ni dawa ya kwanza. Tutazame bustani mara mbili kwa wiki, tukianzia majani ya chini yaliyo kivulini.

Kwa ubwiri unga ulioanza, tulijaribu maziwa. Msicheke, wazee wetu. Hata sisi tulicheka. Mtaalamu mmoja wa Brazil, Wagner Bettiol, alitangaza mwaka 1999 kwamba maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji, yakipuliziwa juu ya jamii ya maboga kila wiki, yalizuia ubwiri unga sawa na dawa za kawaida. Kipimo tulichotumia ni kikombe kimoja cha maziwa kwa vikombe tisa vya maji, asubuhi jua likichomoza, mara moja kwa wiki, juu na chini ya majani. Yakizidi huleta harufu na ukungu mweusi. Mashina ya bibi yetu yaliyokuwa bado na majani machanga yalirudi kuzaa. Lakini mwenye mtoto mdogo na maziwa kidogo, ampe mtoto. Yeye na atumie soda ya kuumulia maandazi: kijiko kimoja kidogo kwa lita moja ya maji, na matone machache ya sabuni ya maji ili dawa ishike. Asizidishe, maana itaunguza majani. Mafuta ya mwarobaini pia hufaa yakitumiwa mapema.

Iko salfa, ambayo wazee waliiita kiberiti upele. Imetumika dhidi ya ubwiri unga tangu karne ya 19, na ingali yafaa. Lakini isipuliziwe joto likizidi nyuzi 32, wala kabla ya wiki mbili kupita tangu jani lilipopakwa mafuta yoyote; na kwa kuwa baadhi ya maboga na matango huunguzwa nayo, ijaribiwe kwanza juu ya majani mawili matatu.

Kwa ubwiri vinyoya, maziwa hayatoshi. Huko dawa ya zamani ni mrututu na chokaa, na kisa chake chatuhusu kuliko mnavyodhani. Mwaka 1882, karibu na mji wa Bordeaux nchini Ufaransa, ubwiri vinyoya ulikuwa ukipukutisha majani ya mizabibu. Mwalimu wa elimu ya mimea, Pierre-Marie-Alexis Millardet, alipopita aliona mizabibu ya kando ya barabara ingali na majani yake. Akauliza sababu. Wenye shamba walikuwa wameinyunyizia mrututu na chokaa ili wapita njia wadhani imetiwa sumu, wasiibe zabibu. Millardet akafanya majaribio, na mwaka 1885 akatangaza dawa ambayo hata leo yaitwa kwa jina la Bordeaux. Basi watu wale waliwaogopa majirani zao, na mtu mmoja aliyeuliza na kupima akapata katika hofu ile dawa ya ulimwengu mzima. Sisi tuliogopa jirani yetu, tukapata fitina tu, mpaka tulipofunga uzi mwekundu.

Kipimo ni gramu 10 za mrututu na gramu 10 za chokaa iliyozimwa kwa lita moja ya maji. Kila kimoja kiyeyushwe mbali katika chombo cha plastiki au cha udongo, kamwe si cha chuma, kisha vichanganywe na kutumiwa siku hiyo hiyo. Chovya msumari safi wa chuma kwa dakika chache: ukitoka na rangi ya shaba, chokaa haijatosha. Dawa hii hukinga, haiponyi. Miche michanga yaweza kuungua, kwa hiyo ijaribiwe kwanza. Isimwagwe mferejini wala karibu na kisima, maana shaba hudhuru samaki na hukaa udongoni miaka mingi. Ama dawa za viwandani, tununue zile tu zilizosajiliwa nchini, tusome maandishi yote, tuvae glavu na kitambaa cha pua, tungoje siku zilizoandikwa kabla ya kuchuma, na chupa tupu isitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya taa.

Bwana Mwenyekiti, tukiwa karibu kumaliza, twaleta maombi manne mbele ya mkutano huu. La kwanza, kila baada ya mavuno iwekwe siku moja ya wote kung'oa na kufukia mashina ya zamani, na asiyekuja atoe sababu mbele ya wazee. La pili, pampu ya chama ya kupulizia dawa za kuvu iwe na alama yake, isichanganywe na ya dawa za wadudu. La tatu, dawa yoyote inunuliwe baada ya watu wawili wanaojua kusoma kuyasoma maandishi yake kwa sauti mbele ya kikundi. La nne, mtu akiona alama yoyote shambani mwake au kwa jirani, alete jani kwetu siku hiyo hiyo. Alete jani, asilete jina la mtu.

Limebaki neno moja, nalo ni zito kwetu. Mzee tuliyemtaja yuko katika mkutano huu, ameketi mahali pake. Bibi mwenye maboga alikwenda kwake kabla yetu, akamwomba radhi, na mzozo wa mfereji wakaumaliza kwa kikombe cha kahawa. Sisi tulichelewa. Tulikuwa na kazi ya kusema, tukanyamaza. Na ukimya wa wenye dhamana huhesabiwa kuwa ni ushahidi. Kwa hiyo, mbele ya wazee na wanachama wote, twamwomba mzee wetu atusamehe, na twaomba maneno haya yachapwe katika kitabu cha mwaka kama tulivyoyasema, ili watakaokisoma baada yetu wajue kwamba unga ule ulikuwa ni ubwiri, na kwamba yeye hakuwa na hatia.

Mabibi na mabwana, masika mengine yaja, na upepo utavuma kama ulivyovuma. Tupande kwa nafasi, tugeuze majani, tusafishe pamoja.